Heda ya Subaru ipimwe kama dhahabu

Kijana aliyepata fedha kwenye machimbo ya Nyarugusu, mkoani Geita, akanunua Subaru Impreza hachelewi kuiwaza eksozi. Ya kiwandani anaiona nzito na ya kimya, kwa hiyo anaagiza heda, yaani yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda na kuupeleka kwenye turbo. Fundi anafunga, gari linanguruma, mwenyewe anaridhika. Haupiti muda mrefu, asubuhi injini ikiwa ya baridi inasikika tiki-tiki-tiki, na ukiinama chini ya gari unaona mstari mweusi wa masizi pembeni ya mshono. Pamepasuka. Hukumu hutolewa palepale: mali ya Mchina. Hukumu hiyo ni rahisi mno, na inatukwepesha swali lililopaswa kuulizwa kabla fedha hazijatoka mfukoni: hiki tunachonunua ni chuma gani?

Tuanze na joto. Moshi wa injini ya petroli inayokimbizwa hutoka ukiwa na nyuzi 800 za Selsiasi au zaidi. Bomba la stenlesi la nusu mita likipanda joto kwa nyuzi 600 hurefuka kwa zaidi ya milimita 5. Chuma cha kawaida hurefuka kama milimita 4. Kichwa cha injini kilikofungwa bomba hilo hupoozwa kwa maji, hivyo hakitanuki kiasi hicho. Ikiwa mabomba yote yamechomelewa pamoja bila kiungo kinachoruhusu kuteleza, zile milimita hazina pa kwenda isipokuwa kwenye mshono, na mshono huo huvutwa na kuachiwa kila gari linapowashwa na kuzimwa. Ndiyo maana hata heda ya stenlesi nzuri, ya bei mbaya, hupasuka ikiwa imeundwa vibaya. Za kiwandani nyingi ni fupi na nene, tena zimefungiwa vishikizo vya kubeba uzito. Kwa Subaru kuna balaa la ziada: silinda zimelala, kwa hiyo heda hupita chini ya injini. Kwenye barabara za changarawe za huku kwetu maana yake ni mawe kiangazi, na masika ni bomba la moto kuzamishwa ghafla kwenye dimbwi.

Mnunuzi mjanja hubeba sumaku. Ikinasa anasema feki, isiponasa anatoa fedha. Kipimo hiki kinadanganya pande zote mbili. Stenlesi aina ya 409, inayotumiwa sana na viwanda vya magari kwa ajili ya eksozi, hunaswa na sumaku, na ina faida ya kutanuka kidogo. Ile ya 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na nafasi kujazwa manganizi ili bei ishuke, hainaswi, lakini haivumilii kutu na joto kama aina ya 304 ambayo jina lake hupachikwa juu ya kila boksi. Kwa hiyo sumaku inaweza kukukatisha tamaa na bomba la kufaa na kukuuzia la hovyo.

Ajabu ni kwamba mkoa huu unajua kupima madini kuliko karibu mkoa wowote nchini. Soko la dhahabu la Geita lilizinduliwa Machi 2019, na hakuna mfanyabiashara wa huko anayelipia dhahabu kwa kuitazama rangi tu. Mashine za XRF hupiga mionzi ya eksirei kwenye kipande na kusoma kilichomo. Kwa kanuni hiyohiyo, viwanda duniani hutambua aina ya chuma kwa sekunde chache: kromiamu asilimia ngapi, nikeli ngapi, titani ipo au haipo. Mashine hiyo haisomi kaboni, na kaboni ina umuhimu kwenye mishono, lakini uongo wa 201 kuuzwa kama 304 ingeuumbua mara moja.

Wapo watakaosema magari ya mbio hutumia heda hizohizo na yanashinda. Kweli, Richard Burns alishinda Safari Rally ya mwaka 2000 kwa Impreza, kwenye njia za Kenya zisizo na huruma. Lakini nyuma yake walikuwepo mafundi wa timu waliokuwa wakilikagua gari kila kituo na kubadilisha chochote kilichotiliwa shaka. Wengine hutegemea fundi wa mtaani. Mafundi wa Nyarugusu ni hodari. Wanaunga makarasha ya kusaga mawe yakarudi kazini siku hiyohiyo. Ila bati nene la karasha na bomba la stenlesi la milimita moja na nusu ni kazi mbili tofauti. Bomba linahitaji vijiti vya aina yake na gesi ya agoni, nje na ndani. Bila hivyo mshono huungua kwa ndani na ufa hurudi pembeni yake. Na ufa si kelele tu. Hewa ya nje huvutwa kupitia hapo, sensa ya oksijeni inadhani mafuta ni machache, injini inaongezewa petroli bure.

Tume ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa bandia, lakini heda yenye chapa yake yenyewe si bandia kisheria hata kama chuma chake ni hafifu. Pengo hilo ni la Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kuliziba: kila heda inayoingizwa igongwe muhuri wa aina ya chuma na unene wa bomba, na risiti iandike dhamana ya miezi kadhaa dhidi ya kupasuka. Wauzaji watalalamika kwamba bei itapanda. Kwa 304 ya kweli haina sababu ya kupanda sana, maana gharama ya chuma hicho ilishalipwa kiwandani. Itakayopata taabu ni 201 iliyozoea kuuzwa kwa jina la mwenzake. Hiyo itabidi ishuke.