Tulimcheka Dada wa Msuli Laivu, Leo Nakula Matapishi Yangu

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina deni, na nalilipa hapa hapa nilipolikopa.

Mnaikumbuka ile posti yangu ya yule dada maarufu wa mjini kwetu. Sikumtaja jina na leo simtaji, ila wote mlimjua, maana mlijaza komenti mpaka simu yangu ikawa inapata moto. Yule anayetangaza saluni na kuuza vitenge Instagram, ambaye kila siku saa nne usiku alikuwa anawasha laivu eti anapiga msuli wa CPA. Meza safi, mshumaa wa kunukia, kahawa ya Mbinga kwenye kikombe kizuri, vitabu vimepangwa kama matofali, kalamu za rangi sita za kuchorea mistari. Matokeo ya Mei yalipotoka akalia kwenye stori, hakuna hata somo moja lililokubali. Aliifuta baada ya dakika chache ila mdau mmoja alishaipiga picha akanitumia. Mimi nikaandika kwamba msuli wa kamera ndio majibu yake hayo. Ikawa posti iliyosomwa kuliko zote tangu nianze blogu hii. Nilifurahi, nisiwadanganye.

Wiki mbili baadaye akanifuata WhatsApp. Nilijua nakuja kutukanwa. Hakutukana. Aliandika hivi tu: "Kaka, wewe umeona nilichokosea, basi naomba unionyeshe." Akaniambia ataniletea flashi yake yenye madesa yote aliyosomea.

Nikaichukua ile flashi nikaenda nayo kwa jamaa yangu mmoja anayeshika vitabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Majengo. Huyu kaka hana hata picha ya wasifu WhatsApp, ila hatua ya kati ya mitihani ya bodi ameimaliza mwaka jana, na sasa anasogelea ya mwisho. Tukakaa nyuma ya duka, tukafungua mafaili moja moja. Wadau, pale ndipo nilipoanza kuona aibu.

Faili la kwanza la kodi, ukurasa wa tatu, VAT asilimia 16. Jamaa akacheka, akasema hapo umeshavuka Namanga. Ni kweli, 16 ni ya Kenya. Huku kwetu Bara kiwango cha kawaida ni 18. Lile desa liliandikwa kwa ajili ya mtihani wa KASNEB, bodi ya wenzetu wa Kenya, ambao nao wana CPA yao. Desa zuri kabisa, limepangika, maelezo yananyooka, ila linamjibu KRA wakati wewe unaulizwa habari za TRA. Dada wa watu alichora mistari ya njano na waridi kwenye sheria ya nchi nyingine kwa miezi minne.

Faili la pili lilikuwa la hapa hapa Tanzania, tukashusha pumzi. Kumbe la zamani. Kwenye kodi ya mishahara bado linasema mtu anaanza kukatwa akivuka shilingi 170,000 kwa mwezi, kwa asilimia 9. Kiwango kile kilipanda hadi 270,000 tangu Julai 2020, na ile asilimia ya kwanza ikashuka kuwa 8 tangu Julai 2021. Piga hesabu mwenyewe: mtu mwenye kipato cha kutozwa kodi cha 250,000 kwa mwezi, desa linamkata 7,200. Sheria haimkati hata senti. Sasa we andika hiyo 7,200 kwa mwandiko mzuri, kwa wino wa bluu, uone kama mtahini atakuhurumia.

La tatu lilikuwa la viwango vya uhasibu. Kwenye mikataba ya ukodishaji linafundisha IAS 17, ile ya kugawa mikataba mafungu mawili, fungu moja mpangaji halionyeshi kwenye mizania. Hiyo ilizikwa. Tangu 1 Januari 2019 ni IFRS 16, na mpangaji anaingiza karibu kila mkataba kwenye mizania, mali upande huu na deni upande ule, isipokuwa ya muda mfupi na ya vitu vya thamani ndogo. Na kabla hujanunua chochote kipya, jua kwamba IFRS 18 inachukua nafasi ya IAS 1 kuanzia 1 Januari 2027. Madesa yana tarehe ya kuharibika kama maziwa, tofauti ni kwamba hayanuki.

Nikamuuliza aliuziwa na nani. Kwenye grupu moja la WhatsApp, elfu kumi na tano, "pakiti kamili ya kutusua". Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu pakiti ile naijua. Nami niliinunua.

Ndiyo, wadau. Hili sijawahi kuliandika. Mimi nimeishia sekondari, na ngazi ya ATEC ya bodi iko wazi kwa aliyemaliza sekondari akiwa na ufaulu unaotakiwa. Mama alitoa magunia ya mahindi nikajisajili. Nikanunua pakiti, nikaihifadhi kwenye simu, nikajisikia nimeshasoma. Si unaijua ile hali? Unapakua faili la kurasa 400 na moyo unatulia kabisa, kama vile kurasa zimeingia kichwani zenyewe. Nikafanya pepa, nikaanguka, nikamwambia mama matokeo yamechelewa. Halafu nikafungua blogu nikawa nacheka wengine walioanguka.

Sasa turudi kwa jamaa wa duka, maana nilimbana anionyeshe yeye anasomea nini. Nilitegemea kabati la vitabu. Akatoa mfuko wa rambo. Ndani mna mtaala wa bodi aliouchapisha kwa steshenari, karatasi zimeshachakaa, ametia alama ya vema kwenye kila mada aliyoimaliza. Ana kitabu kimoja kwa kila somo, cha bodi yenyewe. Kuna rundo la pasti pepa zenye majibu pendekezwa. Na kuna kitu ambacho mimi sikuwahi hata kukisikia, ripoti za watahini. NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, inaziweka kwenye tovuti yake pamoja na maswali ya nyuma, na humo watahini wanaeleza swali kwa swali wapi watu waliteleza. Bure! Sisi tumelipa elfu kumi na tano kununua sheria ya Kenya na ripoti ya mtu anayekusahihishia iko bure.

Nilisoma moja palepale. Malalamiko yanajirudia mpaka unaona aibu kwa niaba ya watu. Mtu ameulizwa amshauri mteja, yeye katoa maana ya neno. Mtu kaandika jibu la mwisho bila kuonyesha hesabu zake, na likiwa limekosewa hakuna pa kumpa hata maksi moja. Halafu Kiingereza. Hapa nitagombana na wale wanaosema uhasibu ni namba tu. Mtihani wote ni wa Kiingereza, na maswali ya kujieleza yapo mengi. Wengi wetu tuliotoka shule za kata, hesabu tunaiweza, ila tukiambiwa tujadili tunaanza kutafuta sentensi tulizokremu. Kwa hilo hakuna desa la kununua. Ni kuandika aya moja kila siku mpaka mkono uzoee.

Kuandika, wadau. Ndiyo siri ya jamaa na haipendezi kwenye picha. Kila Jumapili mchana duka likifungwa anazima simu, anafungua kaunta buku, anachukua pasti pepa moja nzima na kuiandika kwa saa tatu, peni ya bei ya chini, kikokotoo, saa ya ukutani. Akimaliza hajisifii. Anachukua majibu pendekezwa na peni nyekundu, anajisahihisha. Aliniambia mara ya kwanza alipata maksi 19 na akalala mchana huo kwa hasira. Majibu hayafungui kabla hajaandika ya kwake, maana ukiyasoma kwanza kila kitu unakiona rahisi.

Kuna mtakaosema mnahitaji darasa. Sipingi. Anayeweza kwenda Dar kwenye madarasa ya mapitio aende, kukutana na mwalimu anayejibu swali lako ni tofauti kabisa. Ila toka hapa mpaka Dar ni karibu kilomita elfu moja, nauli, chumba, chakula, na bosi wako hakupi ruhusa ya miezi miwili. Vitabu vya Kaplan na BPP vya mtihani wa ACCA wa Uingereza navyo vinasifiwa, na kwa viwango vya IFRS vina faida kwa sababu viwango ni vilevile, ila ukifika kwenye kodi funga, hiyo ni ya wazungu. Rekodi za sauti za grupu, hizo za kusikiliza huku unaosha vyombo, mimi siziiti kusoma. Ni redio. Songea siku hizi tuna kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha, kwa hiyo watu wa fani wapo mjini, tatizo letu tunaona aibu kuwafuata kuwauliza desa lipi limepitwa na wakati. Swali la dakika mbili linaokoa miezi.

Sasa kuna jambo moja lilinikaa. Nilimpelekea yule dada majibu yote, nikaongeza kwa kiherehere changu kwamba na zile laivu aache, ni kutafuta kiki. Akanijibu kwa sauti, dakika tatu. Kwamba nyumbani wako saba. Akikaa chumbani na kitabu ataitwa mara maji, mara mtoto wa dada, mara mgeni. Akiwasha laivu, wote wanakaa kimya kwa sababu wanajua watu wa nje wanasikia. "Kaka, ile laivu ndiyo mlango wangu. Chumba changu hakina mlango."

Niliisikiliza mara mbili. Jamaa wa duka ana duka la kujifungia Jumapili. Mimi nina geto. Yeye ana simu na mshumaa, na mshumaa nao kumbe ulikuwa unawashwa kwa sababu luku inaisha ovyo, mimi nikaandika ni mbwembwe. Kosa lake lilikuwa la vifaa na la kusoma kwa kuchora mistari badala ya kuandika, na hilo kosa ni letu nusu mji. Kamera haikuwa na kosa.

Kwa hiyo tukamtengenezea mfuko wa rambo wake. Mtaala, pasti pepa, ripoti, kitabu cha somo. Masomo amepunguza, Novemba anafanya mawili tu badala ya yote. Ile flashi nilimwambia afute, akakataa, akasema kuna picha za harusi ya rafiki yake.

Posti yangu ya zamani nimeifuta jana usiku. Kama kuna mliopiga picha zake, sina la kuwafanya, nyie na roho zenu. Komenti za leo ziko wazi ila nitakayemuona anaandika jina la mtu nafuta bila kuuliza.

Jumapili iliyopita aliwasha laivu tena. Safari hii kamera inaangalia chini, unaona mkono, kaunta buku na saa. Saa tatu hasemi neno. Tulikuwa watu kumi na mmoja mwanzoni, katikati tukabaki wanne, na nadhani mmoja alikuwa amelala. Kuna mtu aliuliza kwenye komenti hilo ni swali la mwaka gani. Alijibiwa baada ya saa mbili na nusu, muda ulipoisha.

Mimi nilikuwa kati ya wale wanne. Nilikuwa na peni. Akaunti yangu ya usajili wa bodi bado ipo, ila neno la siri nimelisahau, na namba ya simu niliyosajilia ni ile laini ya zamani ambayo sasa anaitumia mama. Itabidi nimpigie anisomee meseji, na akiuliza ya nini, nimwambie na yale matokeo yaliyochelewa.