Maua Juu ya Boneti, Mpira wa 2012 Chini Yake



Wiki hii hatuna singo, hatuna hina, hatuna rangi ya gauni. Tuna mipira ya gari, au matairi kama wanavyoita wenzetu wa Bara. Tunajua wengine mshaanza kucheka: "Mambo ya mipira si ya wanaume hayo?" Hilo ndilo tunalokuja kulipinga leo, na tutalipinga mpaka mwisho.

Tuanze na safari iliyotufungua macho. Tulimsindikiza mwali wetu kutoka Unguja kwenda kwa mumewe, anayefanya kazi Rungwa, mkoa wa Singida. Boti mpaka Dar es Salaam, kisha Noah mbili za kukodi: Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, halafu tukashika njia ya kusini. Rungwa iko kwenye ile barabara inayotoka Mkiwa na Itigi, ikapita Makongolosi na Chunya mpaka Mbeya, zaidi ya kilomita 500, na lami yake imekuwa ikijengwa kwa vipande. Lami ilipotuishia, tukaingia kwenye changarawe, mchanga na mashimo. Kulia pori, kushoto pori. Ndiyo nchi ya Pori la Akiba la Rungwa, nchi ya tembo, simba na mbung'o wanaouma mpaka juu ya baibui.

Alasiri, katikati ya pori, mpira wa nyuma wa gari ya bibi harusi ukapasuka. Gari ikayumba, sote tukapiga shahada. Alhamdulillah tulikuwa tunakwenda pole. Ingekuwa ule mwendo wa kwenye lami asubuhi, leo tungekuwa tunaandika taazia.

Spea ikatolewa. Haina upepo. Tukakaa karibu saa mbili, mwali na hina yake mikononi, nje hatuthubutu kwenda mbali kwa kuogopa wanyama. Akapita dereva wa lori, Allah amlipe kheri, akatujazia spea kwa mpira wa upepo wa lori lake. Tulifika Rungwa baada ya Isha. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni analia.

Lakini tulipokuwa tunasubiri, shangazi yetu mmoja aliinama akautazama ule mpira uliopasuka.

"Mwanangu, hili tairi lina umri gani?"

"Bibi, hilo Japani hilo, orijino. Tazama meno yake yalivyojaa."

Kweli, meno yalikuwa yamejaa. Shangazi akavaa miwani, akasoma ubavuni. Baada ya herufi DOT na nyinginezo kulikuwa na tarakimu nne ndani ya kiduara: 1112. Maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2012. Na pembeni limeandikwa STUDLESS.

Juu ya boneti ya gari hiyo hiyo kulikuwa na maua na riboni za dhahabu. Maua ya gari mbili yalitugharimu karibu bei ya mipira miwili mipya. Kamati ya harusi ilikaa vikao vitatu kuchagua rangi ya riboni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mpira.

Ndiyo maana tunasema: kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa la dereva.

"Ni mambo ya wanaume"

Nani anakaa ndani ya gari hiyo? Mwali, somo yake, mama, shangazi na watoto. Nani anachangisha fedha za gari? Sisi, kwenye vikoba vyetu na michango yetu. Na siku hizi wangapi wetu tunaendesha wenyewe, tukiwapeleka watoto skuli na chuoni, Fumba hadi Mjini, Mwera hadi Darajani? Kitambaa cha sare tunakishika, tunakivuta, tunakinusa. Mpira tunaulipia bila kuutazama.

Pale gari inapoigusa barabara, kila mpira unagusa sehemu ndogo tu, kama kiganja cha mkono. Viganja vinne vimebeba familia nzima. Breki haisimamishi gari. Breki inasimamisha gurudumu, na kinachosimamisha gari ni mpira unaoshika barabara.

"Mtumba wa Japani ni bora kuliko mpya"

Hili ndilo neno linalotuponza zaidi, kwa hiyo tutakaa nalo kidogo.

Kwanza, umri. Mpira unazeeka hata kama hautembei. Joto, jua na hewa vinaukausha, unapoteza unyumbufu, unaanza nyufa ndogo ndogo ambazo jicho halizioni. Watengenezaji wengi wakubwa wanashauri mpira usipitishe miaka kumi hata kama meno yake bado mazima, na ukishafika mitano ukaguliwe kila mwaka na fundi. Ule wetu ulikuwa na meno ya kijana na umri wa mzee.

Pili, lile neno STUDLESS. Hiyo ni mipira ya theluji. Japani ina mikoa ya baridi kali, kama Hokkaido, na gari nyingi zinazouzwa huko kama mitumba zinakuja nayo. Raba yake imetengenezwa laini makusudi, ili isikakamae kwenye baridi na iweze kushika barafu. Ukiileta kwenye jua la Dodoma inalainika kupita kiasi, inaisha haraka, na kwenye lami yenye maji gari inachelewa kusimama. Watu wanaipenda kwa sababu ukiikalia ni laini kama godoro na haina kelele. Ulaini huo si wa nchi yetu.

Tatu, hujui ulikotoka. Huenda ulipigwa na ukingo wa barabara, huenda ulitembea miaka bila upepo wa kutosha. Majeraha ya ndani hayaonekani dukani, yanaonekana njiani.

"Basi chukua ya bei kubwa, ndiyo heshima"

Hapa pia tunapinga. Majina makubwa kama Michelin na Bridgestone ni mazuri, hatuyasemi vibaya. Mwenye uwezo anunue. Lakini kuna dada anayekopa ili aweke mpira wa jina kubwa, tena kwenye rimu pana ya kuonekana, wakati gari yake inakwenda kazini na kurudi. Rimu kubwa inalazimisha mpira mwembamba, na mpira mwembamba hauna mto wa hewa wa kutosha: kila shimo unalisikia kwenye uti wa mgongo, na shimo kubwa linapinda rimu.

Katikati ya mtumba na fahari kuna safu nzima ya mipira mipya ya bei ya kati: Hankook na Kumho za Korea, Toyo ya Japani, Maxxis ya Taiwan, Apollo ya India, na nyinginezo. Kwa gari ya familia, hiyo ndiyo safu yetu. Aya ya 67 ya Suratul Furqan inawasifu wanaotumia bila israfu na bila ubakhili, wakawa katikati ya hayo mawili. Sisi tunaona hata duka la mipira limo ndani ya sifa hiyo.

Na anayesema hana fedha, tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano tu, weka bei za duka lako. Mtumba wa shilingi 70,000 ukidumu miezi 8, umekula shilingi 8,750 kwa mwezi. Mpya wa shilingi 200,000 ukidumu miaka mitatu, umekula kama 5,560 kwa mwezi. Nani aliyenunua rahisi? Kama fedha haitoshi kwa minne, nunua miwili kwanza, iwe ya aina moja kwenye ekseli moja. Mafundi wengi wanaiweka mipya mbele, lakini watengenezaji wanashauri iwekwe nyuma, kwa sababu gari ikiteleza nyuma kwenye maji ni vigumu kuirudisha.

Kushika, ulaini na utulivu

Muuzaji atakwambia mpira wake una vyote. Usimuamini haraka, kwani mambo haya yanavutana.

Kushika barabara kwanza, hasa kwenye mvua. Mifereji ya mpira kazi yake ni kuyatoa maji chini yake. Ikiwa mifupi, maji yanabaki na gari inaelea. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, na ubavuni kuna alama TWI inayoonyesha vilipo. Meno yakilingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6 na mpira umekwisha. Kwa masika yetu sisi tunasema usingoje hapo, badilisha yakibaki milimita 3.

Ulaini unatokana na ubavu. Kwenye 195/65R15, saizi ya Noah nyingi, 65 inakwambia urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana. Namba hiyo ikishuka hadi 45, ulaini unashuka nayo. Usiukimbilie ulaini kwa kupunguza upepo, maana mpira usio na upepo wa kutosha unajikunja na kupata moto mpaka ubavu unapasuka. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, na kinapimwa asubuhi mpira ukiwa baridi.

Kelele zinatokana na meno. Mipira ya kashata, ile yenye meno makubwa, inashika vizuri tope na mchanga wa njia kama ya Rungwa, lakini kwenye lami inavuma kama nyuki, na kwenye lami yenye maji mara nyingi haishiki kama mpira wa barabarani. Kwa hiyo jiulize: njia yangu ya kila siku ni ipi? Anayeishi Rungwa na kwenda Itigi kila wiki ana haki ya kuchagua meno makubwa na kuvumilia mvumo. Sisi wa Unguja tunaokwenda huko mara moja kwa harusi, tunahitaji mpira wa barabarani ulio mzima, mwendo wa pole, na spea yenye upepo. Na kama mpira uliokuwa kimya umeanza kuvuma, huenda umekula upande mmoja. Peleka gari ikafanyiwe alaimenti.

Barani Ulaya tangu 2012 mpira mpya unauzwa na kibandiko chenye daraja la kushika kwenye maji na kiwango cha kelele. Ukikikuta dukani kwetu, anza na daraja la maji: A ndiyo bora, na tangu 2021 ya mwisho ni E. Ile namba ya desibeli imepimwa nje ya gari, haikwambii sauti utakayoisikia ukiwa ndani.

"Safari ni majaaliwa"

Naam, ajali ni kadari ya Allah na hatubishani. Lakini sote chuoni tulifundishwa kisa cha bedui na ngamia wake: kumfunga kwanza, kutawakali baadaye. Aliyemwacha ngamia wazi hakusifiwa kwa tawakali yake. Kuwapandisha wanawake saba kwenye mpira wa miaka mingi, kisha tukasoma dua ya safari, ni kumwacha ngamia wazi.

Basi tunawaomba kamati za harusi, masomo na mama wa maharusi: kwenye daftari la michango, mstari wa mipira ukae juu ya mstari wa maua. Kabla hamjalipa gari ya kukodi, nendeni wenyewe, mchana, na mfanye haya:

- Someni tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye kila mpira, na kwenye spea pia.
- Mkikuta STUDLESS, kataeni.
- Tazameni TWI na mpapase meno kwa kidole, nje na ndani.
- Tazameni namba ya uzito. Kwenye 195/65R15 91, hiyo 91 maana yake mpira mmoja unabeba kilo 615. Minne ni kilo 2,460, gari yenyewe, abiria, masanduku na vyombo vya mwali, vyote humo.
- Pimeni upepo, na muone jeki na spana ya magurudumu kwa macho yenu.

Mwenye gari akinuna, muacheni anune, mtafute nyingine. Maharusi nanyi, siku mume atakapowauliza gari ya nyumbani ifanyiwe nini kwanza, msiseme viti wala rimu.

Yule mwali wetu wa Rungwa yuko salama, alhamdulillah, na sasa ana mtoto. Siku ya harusi ya mdogo wake alituma mchango wake na ujumbe mfupi: "Fedha hii ya mipira. Maua watoe wengine."

Allah awahifadhi wasafiri wetu wote. Amin.