Kiduha, Gugu Lifanyalo Kazi Gizani

Juma hili nataka tuzungumze habari za gugu ambalo wengi wenu mwalijua kwa sura, lakini kazi yake hamjaiona, kwa sababu huifanya chini ya udongo. Jina lake ni kiduha.

Mwaka jana, mahindi yalipofika magotini, mzee mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini kwangu asubuhi mapema. Alitaka niandike nia ya Misa, tena alitaka jina la mtu litajwe. "Karani," aliniambia, "mvua inanyesha, udongo una maji, na mahindi yangu yananyauka kama ya kiangazi. Ya jirani yananawiri. Na jirani huyo ni mjane wa mdogo wangu. Nadhani umenielewa."

Nilimwelewa, nami niliogopa. Sisi wa Kanda ya Ziwa twajua maneno ya namna hiyo yamewafikisha wapi akina mama wazee. Nikafunga daftari nikasema, "Mzee, nia hiyo tuiweke kwanza. Twende shambani."

Tulipofika niliazima jembe, nikachimba shina moja lililonyauka, polepole, pamoja na udongo wake wote. Nikalitia katika ndoo ya maji mpaka udongo ukaachana na mizizi wenyewe. Usiling'oe kwa nguvu, maana ukiling'oa utakata kile unachokitafuta. Kwenye mizizi tuliona vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania kama kupe katika sikio la ng'ombe. Mzee akatazama sana. Kisha akauliza neno la maana kabisa: "Mbona juu sioni kitu?"

Ndivyo kilivyo kiduha. Mbegu yake ni ndogo mno, kama vumbi la ugoro, nayo hulala udongoni miaka kumi na zaidi bila kuoza. Haioti mpaka isikie harufu ya mzizi wa hindi, mtama, uwele, ulezi, muwa au mpunga wa mlimani. Hapo huamka, hutoboa mzizi ule, na kunyonya maji na chakula chake. Hukaa chini majuma manne, pengine hata saba, kabla ya kuchomoza. Kwa hiyo siku uionapo miche yake juu, hasara kubwa imekwisha kutendeka. Dalili za kwanza zatazamwe kwenye hindi lenyewe: majani kunyauka hali udongo una maji, kuwa na michirizi ya manjano, na shina kudumaa.

Kikitoka, utakitambua kwa maua. Kwetu Mwanza, Mara na Shinyanga kilicho kingi kina maua ya zambarau, na shina la pembe nne lenye kukwaruza, nacho hufika magotini. Pwani na kusini kuna kile kifupi chenye maua mekundu. Ni vizuri kwa macho, hata watoto hupenda kuvichuma. Waonye, maana kimoja tu kikikomaa chaweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi.

Sasa tufanyeje? Ng'oa kabla hakijafanya mbegu. Kung'oa hakutayaponya mahindi ya mwaka huu, nami sitakudanganya, lakini kutaokoa ya miaka ijayo. Kama kimekwisha chanua, kikaushe na kukichoma moto palepale. Mimi niliyefundishwa chuoni, tena niliyewafundisha wengine, niliving'oa viduha vyangu vikiwa na maua, nikavitupa kwenye lundo la mbolea, nikajiona hodari. Mwaka uliofuata niliitandaza mbolea ile, na viduha vikaota hata katika mtama wa mke wangu, mahali ambapo havijapata kuonekana. Ng'ombe naye asipewe, kwa kuwa mbegu hupita tumboni mwake zikiwa hai na kutoka pamoja na samadi. Jembe lililotumika penye kiduha lioshwe kabla ya kuhamia shamba jingine, na mbegu za kupanda zisitolewe katika shamba lenye gugu hilo.

Lakini dawa kubwa ni kubadilisha mazao. Karanga, kunde, soya, alizeti na pamba huiamsha mbegu ya kiduha, nayo ikiamka haipati mzizi wa kunyonya, hufa. Hiyo ndiyo siri ya yule mjane. Shamba lake alikuwa amelipanda karanga misimu miwili mfululizo, kisha akatia samadi ya mbuzi, na kiduha hakipendi udongo wenye rutuba. Mzee alikuwa amepanda mahindi juu ya mahindi tangu mdogo wake angali hai.

Tena, huko Mbita upande wa Kenya, wataalamu wa ICIPE katika miaka ya 1990 walikuwa wakitafuta njia ya kuwazuia funza wa mabua. Walipopanda majani ya desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, waliona kiduha kinapungua mno. Mizizi ya majani hayo huiamsha mbegu na kuizuia isishike hindi. Nayo ni malisho mazuri. Wapandao mtama wamwulize Bwana Shamba habari za mbegu za Wahi na Hakika, zilizotolewa hapa Tanzania mwaka 2002, ambazo hustahimili kiduha.

Jambo moja wengi husahau: ukisha vuna, usilipe shamba kisogo. Kiduha huendelea kuchanua kati ya mabua hali wewe umekwisha kaa barazani ukipukuchua. Rudi na watoto, mara mbili au tatu, mpitie kila mstari.

Yule mzee hakurudi kudai nia yake iandikwe. Msimu huu amepanda karanga. Mbegu alikopa debe moja kwa mjane wa mdogo wake, naye mama yule ameniomba niandike deni hilo katika daftari.