Ng'ombe Alisingiziwa

Kwa miaka mingi wataalamu walishikilia kwamba kifua kikuu kilimtoka ng'ombe kikamwingia binadamu. Mwaka 1998 ilichapishwa jenomu nzima ya bakteria wa ugonjwa huo kwa binadamu, herufi zaidi ya milioni 4.4, mwaka 2003 ikafuata ya bakteria wa ng'ombe. Zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.9, ila hii ya pili imepotewa na vipande ambavyo ya kwanza ingali navyo. Wanaisimu tunaijua hoja hii: mswada ulionyofolewa kurasa hauwezi kuuzaa ulio kamili. (Maziwa yasiyochemshwa yangali hatari, hilo halibishaniwi.) Walimu wenzangu, ikiwa hoja hii yaelezeka kwa Kiswahili bila kigugumizi, mbona mwanafunzi wa biolojia aisome kwa Kiingereza pekee?