Wacha Kununua Reli Kabla Hujachora Reli

Wasee, leo nitakosana na watu wawili. Wa kwanza ni yule anasema treni za modeli ni mchezo wa watoto wa matajiri. Wa pili ni yule amenunua seti ya duara, akaitandaza kwa kapeti, akapiga picha na kuandika "Reli ya Uganda". Wa kwanza hajui anachosema, nitamfikia. Wa pili ndiye ananiuma, kwa sababu anapenda hii kitu lakini hataki kuifikiria.

Seti nyingi za kawaida ni za skeli ya 1:87, na kati ya reli moja na nyingine kuna milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87, unapata karibu 1,435. Hiyo ni SGR, boss! Reli ya zamani iliyoanza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ina upana wa mita moja kamili. Gawanya kwa 87, unapata milimita 11.5, kwa hivyo ulifaa kutafuta njia ya milimita 12. Zipo. Dakika tano na karatasi zingekuambia hivyo kabla hujatoa pesa.

Halafu kuna hilo duara lenyewe. Niambie treni gani Kenya inazunguka milele ikirudi palepale ilipoanzia. Reli hujengwa kwa sababu kuna mzigo mahali na kuna mtu anautaka mahali pengine. Hapa kwetu Kajiado tuna mfano bora kabisa na hakuna mtu anauangalia: tawi la Konza kwenda Magadi. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911, na kufikia 1915 reli ilikuwa imefika ziwani. Zaidi ya kilomita 140, ikikatiza Kajiado mjini, ikiteremka hadi chini kabisa kwenye Bonde la Ufa. Mzigo ni magadi, ya kwenda Mombasa, na kazi yake kubwa duniani ni kutengeneza kioo. Huo mstari una sababu. Duara lako lina sababu gani?

Najua utaniambia hiyo haiwezi kutoshea kwa nyumba. Ni kweli, na ndiyo maana nasema chora. Kwa skeli ya 1:87, kilomita moja inakuwa mita 11.5. Kona halisi ya mita 200 inakuwa mita 2.3, na bedsitter yangu hapa Kitengela haina nafasi hiyo. Konza hadi Magadi ni mteremko wa karibu mita 1,000, ambao kwa modeli ungekuwa mita 11 na zaidi kwenda juu, yaani ghorofa tatu hivi. Kwa hivyo kila mjenzi lazima adanganye mahali. Anayechora anachagua atakapodanganya. Asiyechora anagundua gundi ikishakauka.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kijinga. Nilinunua plaiwudi ya futi nane kwa nne, nikaipandisha ngazi na jirani, nikaisukuma hadi ukutani, nikaanza kupigilia siku hiyo hiyo. Treni ikaanguka kona ya nyuma. Mkono wangu unafika sentimita 75 hivi, na bodi ina upana wa sentimita 122. Kila ajali ilitaka nipande juu ya kazi yangu mwenyewe kwa magoti. Na ilikuwa inaanguka kwa nini? Niliunganisha vipande viwili vya reli ya kupinda katikati ya kona, vikafanya kibyongo. Dawa yake ni rahisi: vilehemu kwanza vikiwa vimenyooka, ndiyo uvikunje. Pia nilikuwa nimeunganisha waya mbili tu kwa layout nzima, kwa hivyo kufika mbali treni inazimia. Sasa kila kipande cha reli kina waya wake unaoshuka chini ya bodi. Niling'oa yote. Plaiwudi nikaipasua mara mbili kwa urefu, sentimita 61 kila moja, nikapanga kando ya ukuta kama rafu. Kila mahali nafikia nikiwa nimesimama.

Safari hii nilichora wiki tatu kabla ya kugusa msumari. Sijengi Konza hadi Magadi. Najenga stesheni moja tu, Kajiado, na mita chache kila upande, mteremko usiozidi sentimita 2 kwa kila mita. Treni inatoka upande mmoja, inapita, inapotelea upande wa pili. Mataruma ninakata mwenyewe kutoka vipande vya bodi za shaba zile za redio. Reli tu ndiyo naagiza.

Sasa turudi kwa yule wa kwanza. Mathe aliniuliza, "Hii ndiyo uliachia chuo?" Swali la haki. Nilisoma uhandisi wa ujenzi miaka miwili na sikuwahi kutandika hata mita moja ya kitu chochote. Sisemi muache masomo, mimi ada ndiyo ilinishinda. Nasema hivi: mteremko, kona, maji yataenda wapi, mkono wa fundi utafika wapi, hayo yote nimeyaelewa juu ya plaiwudi. Kama huo ni mchezo wa watoto, angalia Kitengela yetu. Nyumba kwanza, barabara baadaye, mtaro tukikumbuka. Mvua ikinyesha tunavua viatu. Nadhani tunahitaji watu wengi zaidi waliocheza huu mchezo.

Kitu cha mwisho. Mwaka huohuo wa 1911 ndio Wamaasai waliwekewa mkataba wa pili na Waingereza, wakatolewa Laikipia kuja huku kusini. Ukijenga reli ya Magadi bila boma, bila ng'ombe, bila watu waliokuwa hapa kabla ya mataruma, umejenga tangazo la kampuni. Weka watu kwa mchoro wako tangu siku ya kwanza, usiwabandike mwishoni kama mapambo.

Wikendi hii shika daftari na tepu, panda matatu hadi Kajiado. Usitembee juu ya njia, hiyo ni reli ya treni za ukweli. Simama kando, angalia inavyopinda, uchore. Duka la treni halitahama.