Plagi Nyeusi



Juma lililopita, baada ya alasiri, nilijiwa nyumbani na mama mmoja jirani yetu, na nyuma yake kijana anayemwendeshea pikipiki. Mama huyo ni mjane. Pikipiki aliipata kwa zamu yake katika chama cha akina mama, na hesabu ya kila jioni ndiyo inayolisha watoto wake. Siku kadhaa mfululizo hesabu ilikuwa imekuja pungufu. Kijana alidai kuwa chombo kinakunywa petroli kupita kiasi, na asubuhi hakiwaki ila kwa kupigwa kiki hadi mguu uume. Mama alikuwa amekwisha kuamua kuwa anaibiwa. Fundi mmoja wa barabarani naye alisema injini ifunguliwe, na bei aliyoitaja ilimkosesha mama usingizi.

Nakiri kuwa moyoni nilimwelekea mama. Hata hivyo, nimepanda pikipiki miaka mingi nikienda chuoni kusomesha, nikamwambia kijana, "Mwanangu, kabla hatujasema mengine, nitolee plagi niitazame."

Plagi ni kitu kidogo, nayo ndiyo inayowasha moto ndani ya injini. Nchani mwake pana kijiti cha chuma katikati, na juu yake kikono kilichopinda. Cheche huruka katika mwanya ulio baina ya viwili hivyo na kuiwasha hewa iliyochanganyika na petroli. Kila cheche hula chuma kidogo mno, na kwa muda mwanya hupanuka. Ukipanuka sana, cheche hushindwa kuuvuka, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Ukiwa mdogo mno, cheche huwa dhaifu na injini hukohoa inapotulia. Petroli isiyoungua hutoka bure kwa ekzosi, na hiyo ni fedha ya mwenye chombo.

Akina mama wenye vyombo ningependa wajue kuisoma rangi ya plagi, kwa sababu rangi hiyo haina upande. Ikiwa ya kahawia hafifu, injini i salama. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli inazidi hewa, na aghalabu chujio la hewa limeziba vumbi. Hilo si jambo la gharama kubwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inapata joto kupita kiasi, na yafaa fundi aiangalie mapema. Lakini ikiwa nyeusi na imelowa oili, basi oili inapenya mahali isipotakiwa, huenda ringi za pistoni zimekwisha, na hapo fundi anayesema injini ifunguliwe hasemi uongo.

Ya kijana ilikuwa nyeusi, kavu, na mwanya wake ulikuwa mpana hata kwa macho. Tulipofungua chujio la hewa, vumbi lilimwagika kama unga.

Tulituma mtoto dukani akanunue plagi mpya ya nambari ileile. Hili la nambari lisidharauliwe, kwani plagi ndefu kuliko inayotakiwa yaweza kugongwa na pistoni. Wala usidhani kuwa plagi mpya huja na mwanya uliokwisha kupimwa sawasawa. Pikipiki nyingi za Kichina zilizo barabarani mwetu zilifuata muundo wa Honda CG125, ambayo mwanya wake ni milimita 0.6 hadi 0.7, kwa nyingine, kitabu cha chombo ndicho cha kufuatwa. Mafundi wana kipimo chenye vibapa vyembamba vya chuma wakiitacho fila geji. Asiye nacho hutumia mgongo wa msumeno wa chuma, ambao unene wake unakaribia hapohapo. Meno yake yasitumike, kwa kuwa yamepindishwa huku na huku. Kibapa kipite kwa kugusagusa. Ukiona mwanya ni mpana, gonga kikono taratibu juu ya ubao. Ukiwa mdogo, kivute kidogo. Kijiti cha kati kisiguswe kabisa, kwani kauri inayokizunguka hupasuka.

Kazi yote hufanywa injini ikiwa imepoa. Kofia ya plagi huvutwa yenyewe, si waya wake, na vumbi la pembeni hupulizwa kabla ya kufungua ili mchanga usitumbukie ndani. Kisha plagi mpya huanzwa kwa vidole, si kwa spana. Nasema haya kwa uchungu. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka ya kuwahi darasa, nikaianza plagi kwa spana ikiwa imekaa upande. Kichwa cha silinda ni cha alumini, laini mbele ya chuma. Nyuzi za kukazia zikaliwa zote, nami nikalipa fundi mara nyingi zaidi ya bei ya plagi, na wanafunzi wakanisubiri mpaka wakachoka. Ikiisha kukaa kwa vidole, plagi mpya yatosha kukazwa nusu mzunguko kwa spana. Ya zamani inayorudishwa hutaka kidogo kuliko hapo.

Kijana alipiga kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikawaka.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza ni siku ngapi amekuwa akiusukuma mzigo ule mpaka steji. Kijana akatazama chini, akasema ni siku tano, na kwamba mbili katika hizo petroli aliinunua kwa fedha yake, kwa kuona haya kumletea hesabu ndogo zaidi.

Mama akaichukua ile plagi kuukuu, akaifunga katika pindo la leso yake. "Na nyengine ukiitoa," akamwambia, "niletee niione."