HAKI YA KUFA? BIBI WA LUSHOTO HAJAPATA HATA HAKI YA KULALA!

Mjini kumechafuka. Staa mmoja wa kike, mzaliwa wa Lushoto ila siku hizi makazi ni Masaki, kapanda milimani kumwona bibi yake anayeumwa saratani. Kafika pale Irente, nyika yote ikionekana chini, kajirekodi chozi likimtoka: bibi anaomba afe, na kama Uholanzi mtu akichoka anaruhusiwa kuondoka, Bongo tunashindwa nini?

Jua halijazama, msanii mmoja wa injili, yule mzee wa suti za kung'aa, kajibu na klipu yake. Hilo ni pepo la mauti, familia ifunge na kuomba. Basi ikawa Timu Uhuru huku, Timu Maombi kule, na matusi katikati.

Timu zote mbili zimechemka. Hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: bibi anapewa dawa gani?

Mtu wa karibu na familia anasema ni panadol. Saratani imeshafika kwenye mifupa, bibi anameza panadol! Usiku anaomba afe. Asubuhi maumivu yakilegea kidogo, anauliza kama mahindi yameshapaliliwa. Mdau, mtu anayeuliza habari za palizi amechoka kuishi, au amechoka kuumia?

Twende kwenye sheria kwanza, maana kuna watu wanaropoka. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 216, inasema anayemsaidia mwenzake kujiua anaweza kufungwa maisha. Hakuna kipengele cha huruma, hakuna cha daktari. Kwa hiyo wale wanaomshauri dada “amsaidie bibi kimyakimya” wanampeleka jela wakiwa wamekaa kwenye makochi yao.

Sasa hiyo Uholanzi. Sheria yao ilianza kutumika 2002, na mara nyingi anayesimamia jambo lenyewe ni daktari wa familia, mtu anayemjua mgonjwa miaka na miaka. Kabla ya kufika huko, mgonjwa ana bima, ana nesi wa kumfuata nyumbani, ana dawa kali za maumivu. Kifo cha hiari kwao ni mlango wa mwisho kwenye nyumba yenye milango mingi. Kule Mtae, mwisho wa barabara, ukifungua huo mlango leo, kwa wagonjwa wengi utakuwa ndio mlango pekee. Mtu akiwa na mlango mmoja tu, usimwambie amechagua.

Na hata kwa matajiri mambo si mteremko. Canada waliruhusu mwaka 2016 kwa watu ambao kifo chao kiko karibu. Mwaka 2021 wakapanua hadi kwa wasio karibu na kufa. Waliopiga kelele kupinga ni pamoja na watu wenye ulemavu wenyewe, wakisema mtu akikosa msaada wa kuishi, kifo kitaonekana nafuu. Hiyo ni Canada! Haya, mlete mzee wa milimani anayejua ng'ombe kauzwa kwa ajili yake, shamba linafuata, na mjukuu kaacha chuo amuuguze. Akisema “niacheni niende”, hapo anaongea yeye au linaongea deni?

Kumbe jibu liko jirani tu, halina hata mbwembwe. Uganda, mwaka 1993, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda. Wakachukua morfini ya unga, wakaichanganya na maji, mgonjwa anakunywa kwa kipimo akiwa kwake. Ni dawa ya bei ndogo. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu hata manesi waliosomea kazi hiyo kuiandika, maana madaktari hawatoshi vijijini. Kwetu Ocean Road nao wanaijua vizuri morfini ya maji, na hospitali za Kilutheri zimehangaika miaka mingi na tiba shufaa, yaani kumtunza mgonjwa asiyepona ili asiteseke. Shida ni kuwafikia watu. WHO inakadiria kwamba duniani kote, katika kila watu 100 wanaohitaji huduma hiyo, wanaoipata ni kama 14 tu.

Timu Uhuru watasema wapo ambao hata morfini haiwatoshi. Ni kweli, wapo, na siku moja Watanzania watakaa waongee habari zao kwa heshima. Lakini huwezi kujua nani morfini imemshinda kama hajawahi kupewa.

Timu Maombi nao wasishangilie. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema. Kumwita ana pepo kwa sababu analia na maumivu ni ukatili uliovaa suti. Na kutishia watu polisi si tiba: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakiuka katiba. Anayetaka kufa anahitaji mtu wa kukaa naye, si kelele za mhubiri.

Kila siku fuso za karoti na kabichi zinashuka kona za Mombo, zinakwenda sokoni Dar, zaidi ya kilomita 300. Barabara ipo, madereva wapo. Kama kabichi inaweza kushuka, chupa ya morfini na nesi wa kuipima vinaweza kupanda. Dada staa ana wafuasi kibao: atumie hiyo nguvu kuuliza hospitali za wilaya zina morfini au hazina, na nani anakwenda vijijini kuwaona wagonjwa. Baba wa injili ana kwaya na magari: apeleke gari.

Bibi apewe dawa, alale, aamke. Akishalala usiku mmoja mzima ndipo aulizwe anataka nini, na ndipo jibu lake lisikilizwe.

Wewe uko timu gani? Shusha maoni hapo chini, matusi hapana.